Mlenda wa Mama Martina

Kila likizo nilipotoka chuo kikuu kwenda kijijini kwetu Issuna, nilikula na mama yangu, Martina, wala sikuona kwamba mlenda ndio uliokuwa ukimteremshia ugali. Kwetu mlenda, majani yanayoteleza yakipikwa, ni mboga ya kila siku. Nani angemshangaa mtu akijaza bakuli? Baada ya matonge machache alisimama, akanyoosha mabega, akanywa maji taratibu. Nikadhani ni uzee.

Mwaka 1993 nilikuta gauni lake limempwaya. Alisema ana kiungulia, na akilala chakula humrudia mdomoni. Maduka binafsi ya dawa yalikuwa yameanza kufunguliwa mjini Singida, nami, sasa mtaalamu wa udongo, nilijua kupunguza tindikali ya shamba kwa chokaa. Nikamletea vidonge vya kutafuna. Baada ya miezi minne alikuwa amekonda zaidi, akawa hawezi kuteka maji mwenyewe.

Nikampeleka Mandewa, mjini Singida, kwenye zahanati mpya ya tabibu aitwaye Belinda.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Huyu mwanangu ananilisha chokaa kama shamba.”

Belinda alicheka, kisha akauliza jambo ambalo mimi sikuwahi kuliuliza. “Kinachorudi, mama, ni kikali?”

“Kikirudi mapema ni ugali uleule nilioumeza. Kikikaa mpaka alfajiri, ndipo huwa kimechachuka.”

“Na ukila bila mlenda?”

Mama alinitazama kwanza. “Sili. Kwenye harusi ya jirani yetu Rahel walipika wali na nyama. Nilikaa na sahani mpaka watu wakaondoka. Wakasema naringa.”

Belinda alichora bomba la kupitisha chakula kwenye karatasi, na chini yake mlango wa kuingilia tumboni.

“Tindikali iko humu, tumboni. Nadhani chakula chako hakifiki huku. Mlango haufunguki vizuri, kinachachukia njiani kama togwa mtungini.”

“Kwa hiyo vidonge vyangu?” niliuliza.

“Vilikuwa vinasubiri chakula ambacho hakikufika.”

“Nilimwambia ni chokaa,” mama alisema. Kisha, kwa sauti ndogo: “Watanikata?”

“Ikibidi. Kwanza hospitalini wakupige picha, ukiwa unameza dawa nyeupe inayoonyesha njia ya chakula.”

Picha ilionyesha mlango uliobana kama Belinda alivyouchora. Mama aliniuliza mara tatu kama atapona, na mara tatu nilisema sijui. Mara ya nne akasema basi twende akapasuliwe, kwa kuwa njaa anaijua tayari. Daktari wa upasuaji alilegeza msuli wa ule mlango, akatuonya kwamba kuanzia hapo tindikali halisi inaweza kupanda, maana hakuna cha kuizuia sawasawa.

Ilipanda. Mama alinieleza kwa makini tofauti yake: hii huja ukali mtupu, bila ugali.

Siku hizi hula wali na nyama, hula mapema, na miguu ya kitanda upande wa kichwani imeinuliwa kwa matofali. Vidonge anavitumia kwa maelekezo ya Belinda. Mimi sinunui dawa kabla ya kuuliza.