Bi Kajuaje

Sitaki kuficha: yule mkutubi wa shule nilimchukia kabla sijamtia machoni. Wanafunzi wake walimbatiza Bi Kajuaje. Aliwapa kadi ndogo, na kila walichosoma au kusikia waandike mambo matatu: nani kasema, kasema lini, na kajuaje. Binti yangu akauleta ugonjwa huo nyumbani. Nikisema kesho mvua, anatoa kalamu. Mama yake anacheka mpaka anashika mbavu, na mimi fundi seremala mzima nahojiwa kwenye meza niliyoitengeneza mwenyewe.

Jumamosi moja asubuhi ujumbe ukaingia kwenye kundi la mtaa: picha ya mtoto analia, na maneno kwamba kaibwa, kafichwa stoo kwa muuza maziwa wetu. Damu ikanichemka. Nikausambaza kwa watu kumi na wanane, nikachukua nyundo.

"Baba, nipe simu kidogo," binti yangu akasema.

"Niache, mwanangu. Si wakati wa kadi zako."

"Nani kasema?"

"Mtaa mzima unasema."

"Na huo mtaa umejuaje? Kuna aliyeingia hiyo stoo?"

Nikampa simu huku nimenuna. Akaitafuta ile picha mtandaoni. Hata dakika tatu hazikufika. Ilikuwa ya gazeti la miaka sita nyuma, mji mwingine kabisa, na mtoto mwenyewe alishapatikana, yuko kwa wazazi wake.

Tulikimbia. Getini kwa muuza maziwa watu walishajaa, wengine na mawe mkononi. Nilipayuka mpaka sauti ikakauka, binti yangu akiwaonyesha lile gazeti kwenye simu, mmoja mmoja. Wakaondoka wakitazama chini. Muuza maziwa akafungua mlango, akanishika kwa mikono miwili, akanishukuru. Mimi, jamani. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumatatu nikavaa shati la heshima, nikaenda maktaba ya shule. Nilitarajia jimama la kutisha. Nikakuta mama mfupi, mpole, anagandisha kwa gundi jalada la kitabu lililochanika. Nikamweleza yote, hata kwamba mimi mwenyewe niliusambaza ule uongo.

"Asante sana, mwalimu," nikasema. "Umeniokoa nisiwe muuaji." Machozi yakanitoka, na sioni aibu kusema.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Tumshukuru Mungu, mzazi. Na wale kumi na wanane, umewarudia?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi keti hapo."

Nikaketi kwenye kiti cha wanafunzi, magoti yakinigusa kidevu, nikaanza kuandika: Nilikutumia uongo kuhusu muuza maziwa. Nimekosea. Mwambie kila uliyemtumia.

Wa tisa akajibu palepale: "Wadogo zangu wako njiani kwenda kwake. Ngoja niwapigie."

Mimi na mkutubi tukaikodolea macho simu. Mwishowe ikalia.

"Nimewapata. Wamegeuza."

Mkutubi akashusha pumzi, akanisogezea glasi ya maji. Nikamwandikia wa kumi.