Puto Jekundu la Kavimvira

Harufu ndiyo iliyomkinaisha Libérat kwanza, kabla ya watu.

Kila asubuhi, pale kwenye kituo cha hali ya hewa kando ya ziwa, upande wa Kavimvira, Uvira, alimwaga soda kali na vumbi la alumini ndani ya pipa la chuma, akaongeza maji, akafunga kifuniko haraka. Pipa lilinguruma na kuchemka lenyewe bila moto, likatoa gesi iliyopita kwenye bomba hadi ndani ya puto. Kilichobaki chini ya pipa kilikuwa tope la kijivu, lenye kunata kama makamasi, ambalo ilimbidi alikombe kwa koleo na kulimwaga shimoni nyuma ya kituo. Tope lile likikurukia mkononi lilikula ngozi. Likikauka, harufu yake ilikuganda puani hata ukaoge ziwani mara ngapi. Libérat alikula ndagala, dagaa wa ziwa, akasikia pipa. Alipiga magoti kupokea komunyo, akasikia pipa.

Kazi yenyewe, ukiondoa lile pipa, aliipenda sana. Puto lilipojaa hadi kumfikia kifuani, alilifunga shingo kwa uzi, akaliachilia, akakimbilia darubini yake ya miguu mitatu na kulifuata lilivyopanda juu ya maji na kupinda kuelekea milima ya Lemera. Kwa kulifuata hivyo alijua upepo wa juu unavuma kwenda wapi na kwa nguvu gani, akapeleka habari kwa wakubwa wake Usumbura, ng'ambo ya ziwa, kwa ajili ya ndege. Basi, hakuna zaidi. Ndani ya puto mlikuwa na gesi, na nje lilipakwa poda ili mpira usishikane. Mbingu ikiwa safi, sheria ilimtaka arushe puto jeupe. Kukiwa na mawingu, jekundu, maana jeupe lingepotea machoni. Ni jambo ambalo mtu yeyote angelielewa, kama angetokea wa kumweleza.

Hakutokea. Kwa hiyo wakulima wa tambarare ya Ruzizi walijieleza wenyewe. Kulikuwa na kapita, msimamizi wa mashamba ya pamba, Pontien, mtu mnene asiyelipenda jua hata kidogo. Pontien alichagua siku za mawingu kupanda baiskeli yake na kwenda kukagua mashamba. Siku hiyo hiyo ya mawingu, Libérat naye alirusha puto jekundu. Watu si vipofu. Waliona jekundu likipaa, na kabla jua halijafika utosini, wakamwona Pontien akichungulia mistari ya pamba kutafuta maharagi na mihogo. Kupanda chakula ndani ya pamba kulikatazwa, na aliyeshikwa alifungwa. Na kila mtu alipanda, maana pamba hailiwi. Basi wakaunganisha hili na lile, wakasema mupira mwekundu iko na macho.

Habari hiyo ilimfikia agronomu, mtaalamu wa kilimo wa serikali, mzungu waliyemwita Bwana Pamba, naye akaja kituoni akicheka hadi machozi. Alikuwa na tabia ya kusafisha meno kwa ukucha wa kidole kidogo, kisha kuutazama ukucha ameokota nini, kisha kukirudisha kinywani. Libérat alitazama pembeni.

"Jumapili, kisha ya misa, weye kuja na darubini," Bwana Pamba alisema. "Minye nitasema, weye utageuza kwa Kirundi. Mukubwa yako ya Usumbura ni rafiki yangu. Unasikia?"

Libérat alisikia. Alisikia pia kile ambacho hakikusemwa: kwamba neno moja tu Usumbura lingetosha kumtoa kwenye darubini na kumpeleka bandarini Kalundu kubeba magunia.

Jumapili, mbele ya kanisa, Bwana Pamba aliwapanga watu mstari, mmoja mmoja waweke jicho kwenye darubini. Walimwona mbuzi aliyekuwa mbali kule kilimani, wakaona hadi ndevu zake. Wengine walirudi nyuma kwa woga. Ndipo Bwana Pamba akapanda juu ya gurudumu la kamioneti yake, akasema, na Libérat akatafsiri kwa sauti yake nzuri ya mwimba kwaya: puto ni jicho kubwa kuliko hili. Siku ya jeupe, linatazama tu. Siku ya jekundu, linaandika majina ya wenye chakula ndani ya pamba.

Mama yake, Kankindi, alikuwa amesimama mstari wa mbele na kitambaa chake cha misa kichwani. Hakumtazama mzungu hata mara moja. Alimtazama mwanawe, akitikisa kichwa polepole kwa kila neno, kama mtu anayesikiliza Injili.

Baada ya pale Bwana Pamba alimtupia Libérat kopo la sardini. Sardini! Kumpa mtu wa Uvira samaki wa kopo, mtu anayelala akisikia wavuvi wa ndagala wakipiga kelele mlangoni kwake! Ungecheka, ila Libérat hakucheka. Alilifungua akala yote, akalamba mafuta, na usiku mzima mafuta yale yalimpanda kooni.

Na haya ndiyo yanayoudhi zaidi: alipata heshima. Wakulima walimpisha njiani. Akina mama waliinama kumsalimu. Alipopita mahali penye pombe ya mtama, alisogezewa kiti na kupewa mrija mrefu, akanywa kutoka chungu kimoja na watu aliokuwa amewadanganya. Walinyamaza kila alipofungua kinywa. Libérat alijichukia alipokuwa akinywa, na aliendelea kunywa. Alijiambia kwamba yeye ni mtafsiri tu, maneno hayakuwa yake. Alijiambia pia kwamba mama yake hawezi kuamini upuuzi ule, mama aliyemzaa na kumjua. Kesho nitamweleza, alisema, na kesho ikawa inasogea.

Kisha mvua zikaanza. Mawingu yalilala juu ya ziwa asubuhi na jioni, na Libérat akarusha jekundu. Keshoye jekundu. Juma zima likawa la jekundu. Angefanya nini? Sheria ya kazi ndiyo hiyo, alijitetea, huku akikomba tope la pipa na kutema mate.

Jumamosi alipanda baiskeli kwenda kumwona mama yake, ng'ambo kidogo ya Kavimvira, pale tambarare inapoanza. Kabla hajafika, alisikia harufu. Haikuwa ya pipa mara hii. Kando ya njia, mbele ya kila shamba, kulikuwa na marundo ya majani ya maharagi yaliyong'olewa na mizizi yake, mengine yakiwa bado na maua, mengine na maganda madogo laini ambayo yangekuwa chakula cha mwezi ujao. Mvua ilikuwa imeyaozesha. Yalikuwa meusi, yanateleza, yamejaa nzi na funza, na maji ya rangi ya chai yalichuruzika kutoka chini yake hadi njiani. Libérat alishuka akasukuma baiskeli huku ameziba pua kwa mkono, na mkono ule ulinuka pipa.

Rundo kubwa kuliko yote lilikuwa mbele ya nyumba ya mama yake.

Kankindi alimpokea kwa furaha. Alimwekea bugali na sombe tupu, majani ya muhogo yasiyo na hata ndagala mmoja, akaomba radhi kwa hilo. Kisha akainua mkono, akachomoa kutoka kwenye nyasi za paa mrija mrefu uliosuguliwa hadi ukang'aa. Ulikuwa wa marehemu baba yake Libérat. Tangu siku ya maziko hakuna aliyeutumia.

"Sasa ni wako," alisema. "Muntu mwenye watu wanaogopa hawezi kunywea mrija wa wageni."

"Mama, maharagi yako..."

"Niliyang'oa yote, mwanangu. Minye nilikuwa wa kwanza. Agathe jirani alisema tungoje, labda mupira haitaona huku. Nikamuambia, hapana, ile kazi ni ya mutoto wangu. Bakikamata mama ya Libérat na maharagi, batamufukuza Libérat. Bengine bakaona minye nang'oa, na bo bakang'oa."

Alisema hayo akitabasamu kwa fahari, na Libérat aliona shavu lake lilivyobonyea. Njaa ilikwisha kuingia. Alitaka kumweleza. Badala yake alinywa pombe aliyomwekea kwa mrija wa baba yake, akaisifu, akaaga.

Hakufika hata Kavimvira. Alisimamisha baiskeli kando ya barabara akatapika kila kitu, sombe na pombe, hadi kukabaki maji machungu. Alikuwa amejiona mtu safi aliyezungukwa na uchafu: uchafu wa pipa, wa ukucha wa mzungu, wa sardini. Sasa alijua uchafu uko wapi. Ulikuwa umekaa ndani ya shati lake, unapumua.

Asubuhi ya Jumatatu mawingu yalikuwa pale pale. Libérat alijaza puto jekundu kama kawaida, akalifunga shingo. Lakini hakuliachilia. Alilifunga kwa kamba ya mtego wa samaki, akazungusha kamba kiganjani, akapanda baiskeli.

Kavimvira haijapata kuona kitu kama kile. Mtu anaendesha kwa mkono mmoja, na juu ya kichwa chake jicho la serikali linayumba huku na huku, likimvuta kila upepo wa mlimani ulipopuliza. Askari wa forodhani alisahau kumuuliza anakwenda wapi. Wanawake waliokuwa wakivuka mpaka na vikapu waliketi chini wakajifunika nyuso. Kapita Pontien, aliyekuwa anajiandaa kwa ziara yake ya siku ya mawingu, aliliona likipita juu ya ua wake, akapanda baiskeli kumfuata.

Libérat alilifunga kwenye kigingi katikati ya pamba ya mama yake, kama mtu anayefunga mbuzi. Wakulima walikusanyika mbali, nyuma ya migomba. Kankindi peke yake ndiye aliyekuja, polepole, mundu mkononi, maana alikuwa akifyeka magugu.

"Mama, kata," Libérat alisema.

"Nikate jicho?"

"Hakuna jicho. Kata uone."

Kankindi alilisogelea puto. Aliligusa kwa kidole, akaona poda imemshika, akainusa. Kisha akainua mundu akakata. Mlio ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mtu mmoja alianguka kule migombani. Baada ya hapo kukabaki kipande cha mpira mwekundu kikining'inia kigingini, chenye harufu mbaya, na hakuna kingine. Hakuna karatasi, hakuna kioo, hakuna jina la mtu.

"Jekundu ni la mawingu," Libérat alipaza sauti ili wote wasikie. "Jeupe halionekani mu mawingu. Ni hiyo tu. Haioni shamba, haiandiki muntu. Bwana Pamba alisema uongo, na minye nikawageuzia uongo wake nikijua."

Pontien alikuwa amefika. Alitazama kipande cha mpira, akamtazama Libérat, akageuza baiskeli. Alikuwa anakwenda kwa Bwana Pamba, na kila mtu alijua. Libérat aliona kazi yake ikiondoka na gurudumu lile la nyuma, na alishangaa kwamba haikumuuma.

Agathe alikuwa wa kwanza kutoka migombani. Aliokota kile kipande, akakinyoosha, akakiachia kikarudi na kumpiga kidole, akacheka. Wengine wakaja. Kikapita mkono kwa mkono. Mmoja alikiweka puani akamwigiza Pontien akichungulia pamba, na kicheko kikalipuka shamba zima, kicheko cha watu waliochoka kuogopa. Mchana ule Kankindi alitoa chungu cha pombe uani, kwa sababu umati ulikuwa kwake na hakuna aliyeonekana kutaka kuondoka. Wanaume wawili walikuwa tayari wanabishana mbegu za maharagi zitapatikana kwa nani.

Libérat alikaa kwenye mkeka pamoja nao. Alijihisi mwepesi. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi kituoni hakusikia harufu yoyote puani isipokuwa ya mtama. Mama yake alipita akigawa mirija, akachomoa mmoja mmoja kutoka kwenye mafungu, Agathe wake, jirani wa pili wake, hadi yule aliyeanguka migombani. Alipomfikia mwanawe, mkononi mwake ulibaki ule mrefu uliong'aa. Libérat alinyoosha mkono.

Kankindi aliupita mkono ule. Alikwenda hadi ukingoni mwa nyumba, akauchomeka mrija kwenye nyasi za paa, pale ulipokuwa tangu siku ya maziko, akausukuma ndani kabisa.

Watu walitazama chungu.

"Mama, nimesema ukweli."

"Umeusema leo." Hakupandisha sauti. Alikuwa akitazama rundo lake la maharagi yaliyooza, pale mbele ya ua, lenye nzi wake. "Mupira haikukuwa na macho, Libérat. Weye ulikuwa nayo."

Kisha akawageukia wageni, akawaambia wanywe.