Nepi za Mheshimiwa

Jina la Bi Siki hakupewa na wazazi. Alipewa na majirani, mwezi ule alipoanza kuchanganya siki na maji kwenye chupa ya kupulizia nguo za kupiga pasi, akawa anampulizia farasi wake ili nzi wamkimbie. Nzi walikimbia kweli. Majirani nao walisogea kidogo. "Haya, Bi Siki huyo anapita," walisema wakishika pua, naye akacheka pamoja nao. Mwanamke aliyefua mashuka ya nyumba za wageni kwa miaka thelathini hatishwi na harufu.

Alikuwa dobi. Farasi ndiye aliyevuta mkokoteni wa mashuka, machafu yakija, masafi yakirudi. Aliitwa Mheshimiwa kwa sababu alikula vizuri, alitembea polepole na hakupenda kuulizwa maswali.

Ubaya ni kwamba Mheshimiwa alikuwa na mahitaji, na duka la vifaa vya farasi lilimjua. Brashi ya farasi, dawa ya nzi ya farasi, blanketi la farasi: kitu kikishaandikwa neno "farasi" tu, bei yake inapanda ngazi. Aliyelipa ni binti yake Bi Siki, muuguzi, mwenye mtoto mchanga na mshahara wa kuungaunga. Siku moja binti akasema basi, imetosha. Amempata mnunuzi, mwenye bustani ya harusi anayetaka farasi wa kupigwa picha na maharusi.

"Nipe mwezi mmoja, mwanangu," Bi Siki alisema. "Nikikanyaga duka lile hata mara moja, muuze."

"Mama, huyo mtu nimeshamwahidi. Atakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Akimkuta mzima na akimpenda, atamchukua."

"Haya. Akimkuta mzima na akimpenda, amchukue," alikubali Bi Siki kwa shingo upande. Neno likishamtoka yeye, halirudi. Lakini moyoni alijiambia kwamba binti akiona farasi hana gharama, atalegea.

Akili ni mali, na nyumba ya dobi haikosi vitu. Taulo zilizochakaa zikawa za kumfutia jasho. Mashuka ya hoteli yaliyotoboka aliyashona mawili mawili, katikati akatia blanketi kuukuu, na Mheshimiwa akalala ndani ya vazi lenye nembo ya hoteli mgongoni kama mgeni aliyelipia kifungua kinywa. Chanuo pana la Bi Siki mwenyewe lilihamia kwenye mkia. Dumu la mafuta ya kupikia alilisugua mpaka likasahau kazi yake ya zamani, akalitoboa, akatia karoti ndani na kulining'iniza bandani, na farasi akashinda siku nzima akilisukuma kwa pua badala ya kutafuna mlango. Bi Siki alifurahi mno. Kila alipopita mbele ya duka lile alivuka barabara, akatembea upande wa pili akiimba.

Jumapili, siku sita kabla ya mnunuzi kuja, Mheshimiwa alianza kuchechemea.

Fundi kwato alikuja, akauinua mguu wa mbele wa kushoto, akaubana katikati ya magoti yake na kukwangua taratibu kwa kisu chake kilichopinda. Usaha mweusi ukatoka. "Jipu ndani ya ukwato," alisema. "Nimelifungua, sasa linataka usafi. Umloweke kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, asubuhi na jioni, halafu umfunge uchafu usiingie. Dukani kuna kiatu cha mpira cha kazi hiyo."

"Duka gani? Mimi silijui duka."

Fundi alicheka. Akakusanya vifaa vyake, akasimama mlangoni, akashusha sauti. "Bi Siki, mimi simo. Lakini farasi anayechechemea hanunuliwi. Ukichelewa kidogo na hayo maji yako, nani atakulaumu?"

Akaenda zake na ahadi ya kufuliwa nguo mwezi mzima.

Bi Siki alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalifikiria neno lile. Tusimsingizie utakatifu: alilifikiria vizuri, tena kwa tamaa. Siku sita tu. Mheshimiwa alisimama mbele yake, ncha ya ukwato ikigusa chini kwa woga, karoti ameziacha hajazigusa, naye anamtazama bila lawama yoyote. Bi Siki akainuka. "Nyoo!" alimwambia fundi ambaye hakuwepo tena, akaenda kuchemsha maji.

Karai la kulowekea foronya lilitosha mguu. Kazi ilikuwa kufunga. Vitambaa vililowana, mifuko ilichanika. Ndani ya nyumba mjukuu akalia, maana binti humwacha kwa bibi anapokwenda zamu, na Bi Siki alipokuwa akimbadilisha nepi alisimama ghafla, akaigeuza, akaipima kwa macho. Inanyonya. Haivuji. Ina gundi kiunoni.

Iliingia kwenye ukwato sawasawa. Akazungushia utepe mpana wa kufungia maboksi, na Mheshimiwa akatoka uani kwa hadhi yake yote, amevaa nepi yenye vipepeo.

Siku zikaenda, nepi mbili kwa siku za farasi, za mtoto wewe hesabu. Uvimbe ulishuka. Jumatano akala karoti zote. Alhamisi akakanyaga. Kila alivyozidi kupona, Bi Siki alifurahi asubuhi na kuhuzunika mchana, kwa sababu alijua anamponya kwa ajili ya nani.

Ijumaa alasiri binti alitoka zamu moja kwa moja kuja kumchukua mtoto. Akamkuta mwanawe anacheka, amefungwa foronya ya hoteli iliyobanwa kwa vibanio vya nguo.

"Mama! Pakiti nzima ya nepi iko wapi?"

Bi Siki alinyoosha kidevu kuelekea uani.

Binti alichungulia. Alifungua mdomo apige kelele, lakini uuguzi ni ugonjwa usiopona: akaona bandeji imefungwa vibaya. Akapiga magoti na sare yake nyeupe. "Hapa juu umekaza mno, damu itapita wapi?" Akaifungua, akanusa, akabonyeza, akatazama jeraha kwa muda mrefu. "Safi kabisa," alisema polepole. "Tangu lini?"

"Jumapili."

"Na ulijua kesho anakuja mtu." Alimtazama mama yake. "Ungemwacha achechemee tu, Mama. Yule bwana angegeuza njia."

"Mguu ulikuwa unamuuma, mwanangu. Ningemwambiaje asubiri Jumamosi ipite?"

Binti alifunga nepi upya, akambeba mtoto na foronya yake, akaondoka bila hata kuaga vizuri. Bi Siki alikaa kwenye ndoo yake akalia kidogo, kisha akamchana Mheshimiwa mkia, kwa kuwa mtu hapelekwi kwa watu ovyo.

Mnunuzi alifika saa tatu asubuhi, pamoja na binti. Mheshimiwa alizungushwa uani na nepi yake mguuni, akatembea kama hajawahi kuchechemea. "Anang'aa!" alisema yule bwana. "Namchukua hata sasa."

Bi Siki alimpa kamba. "Masikio usiyaloweshe, hapendi," alianza kumwelekeza.

Mkono wa binti ukaingia katikati, ukaishika kamba. "Samahani, kaka. Mgonjwa huyu hajaruhusiwa kutoka."

"Ataruhusiwa lini?"

"Hospitali hii? Haijawahi kumruhusu mtu. Mimi mwenyewe nimo humu tangu nizaliwe."

Yule bwana alitazama nepi yenye vipepeo, akatazama nyuso zile mbili, akaelewa, akacheka na kuomba angalau ile dawa ya nzi. Akapewa chupa nzima.

Alipoondoka, Bi Siki alimkumbatia binti yake mpaka sare ikanuka siki. "Lakini uliamua saa ngapi wewe?"

"Fungua mfuko wangu."

Ndani mlikuwa na pakiti mbili za nepi, zilizonunuliwa jana yake jioni. Moja ndogo. Nyingine ya saizi kubwa kuliko zote zilizokuwa dukani.