Kiti cha Mama Mkwe

Tangu asubuhi fundi alikuwa amelala chali chini ya gari la mama mkwe wake, akibishana na kebo ya gia, na kebo ndiyo iliyokuwa inashinda.

Injini yenyewe ilikuwa imekaa vizuri. Ile ya zamani ilishachoka, inakunywa oili kama maji, kwa hiyo aliing'oa akaweka nyingine kutoka gari la aina hiyo hiyo, pamoja na giaboksi na kebo zake. Ilipowaka mara ya kwanza tu, kichwa kikamvimba. Akampigia simu mama mkwe palepale: "Mama, leo mchana gari ni lako." Mtu mzima na ndevu zake, anaahidi kabla hajaingiza gia hata moja!

Maana gia ndizo zilizogoma. Kebo ilizidi urefu, kama vidole vinne hivi, ikawa inajikunja chini ya sakafu. Akiivuta upande wa giaboksi, namba moja inaingia, rivasi inakataa. Akiilegeza, rivasi inaingia kwa adabu zote, namba moja haitaki hata kusikia. Alikisogeza kishikio cha kebo, akakirudisha, akamlaani aliyemuuzia, akamwomba radhi kimoyomoyo, akaanza upya.

Na siku yenyewe haikuwa ya mchezo. Mke wake alikuwa amejifungua binti, na alasiri hiyo hospitali ilikuwa inawaruhusu. Mama mkwe alishautangazia ukoo mzima kwamba mjukuu atarudi nyumbani kwa gari lile lile lililomleta mama yake alipokuwa mchanga, na dereva atakuwa bibi mwenyewe. Tena huyu ndiye mama aliyemwonya bintiye kabla ya ndoa: "Ukiolewa na fundi, maisha yako yote utaambiwa kesho." Fundi hakulisahau neno hilo. Leo alitaka kulifuta.

Mama mkwe akaingia gereji amependeza, mkoba mkononi, shali ya mtoto begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Limekwisha?"

"Bado kidogo tu."

"Kidogo cha fundi nakijua mimi."

Fundi akaingia kiti cha abiria, akajinyoosha hadi kwenye gia na kuanza kuisukuma. Mama mkwe akamtazama weee, akashindwa kuvumilia.

"Mbona unaichezea gia kutoka huko kama mwizi?"

"Hicho kingine ni kiti chako, mama."

Na alikuwa hatanii. Tangu gari lifike hapo, hakuwa amekikalia hata mara moja. Kukalia kiti cha mama mkwe aliona ni sawa na kujilaza kitandani kwake. Gari lilisukumwa kuingia ndani, na hata injini aliiwasha kwa kupitisha mkono dirishani. Mama mkwe alicheka mpaka akashika mlango asianguke.

"We mtoto wa watu, hebu kaa."

Akakaa. Goti likagonga gia. Akarudisha kiti nyuma kulingana na miguu yake, akanyoosha mkono, na gia ikawa mbali, mbali kuliko gari lolote la aina hiyo alilowahi kushika. Hapo ndipo akili ilipomrudia. Alifunua zulia nyuma ya gia na kukuta matundu manne yamezibwa kwa mpira. Gia ilikuwa imehamishwa mbele, vidole vinne kamili, juu ya bamba la chuma lililopigwa tupa vizuri na kuvishwa ngozi pembeni, ngozi iliyoshonwa kwa mkono. Kebo ya watu haikuwa na kosa lolote.

Alifungua bamba, akairudisha gia kwenye matundu yake ya asili. Zote zikaingia, moja hadi rivasi. Fundi akapumua.

"Jaribu, mama."

Mama mkwe akaketi, akavuta kiti mbele mpaka miguu ikafika, akapeleka mkono pale anapoupeleka siku zote. Akashika hewa. Gia ilikuwa nyuma huko, kwenye kiuno, na alipoitafuta kiwiko kikagonga kiti.

"Hili si gari langu," akasema.

Fundi akampa lile bamba. "Gia ilisogezwa makusudi, mama. Ifuate mkono wako."

Mama mkwe akaipapasa mishono ya ngozi. Aliijua. Marehemu mumewe alikuwa fundi cherehani.

"Kila nikipanda alikuwa akiniambia, gari hili limekukaa," akasema taratibu. "Nami nikimjibu, nenda zako, hayo kawaambie wateja." Machozi yakamtoka, na hakuyaficha.

"Mama, tukiiacha hapa nyuma tunaondoka sasa hivi, nitaendesha mimi. Tukiirudisha mbele tutachelewa, na mimi niliahidi..."

"Nani amekuuliza ahadi? Irudishe alipoiweka."

Safari hii hakupigana na ile ziada ya kebo. Alikirejesha kishikio mahali pake, akaiacha kebo izunguke kwa kona pana, mbali na bomba la moshi, akaifunga kwa kulegeza. Mama mkwe alikalia tairi na nguo zake za kutokea, akimmulikia tochi na kumwelekeza kazi asiyoijua. Gia zikaingia zote.

Walipofika hospitali, mke wa fundi alikuwa amesimama mlangoni, mtoto kifuani, amechoka kusubiri, na jicho alilomkata mumewe lilikuwa la kesi. Fundi akafungua mdomo kujitetea, lakini mama mkwe akamtangulia.

"Usimwangalie mwenzio hivyo. Aliyetuchelewesha ni baba yako."

Mke wa fundi akabaki anamtazama mama yake, maana baba yake alishazikwa miaka mingi. "Panda, nitakwambia njiani," mama akasema, na mkono wake ukaikuta gia bila hata kuitazama.