Mfuko wa Shati la Baba

Daktari wa masikio wa hospitali ya Same alitandika kitambaa cheupe mezani, akaweka mashine mbili za kusikilia. Moja ilikuwa boksi la ukubwa wa pakiti ya majani ya chai, la kuvaliwa kifuani, lenye waya unaopanda hadi sikioni. Ya pili ilikuwa ndogo, ya kujificha nyuma ya sikio.

"Zote ni msaada wa kanisa, ila kila mgonjwa anapata moja," alimwambia Asteria, kwa kuwa Mzee Eliufoo, baba yake, hakusikia kitu. "Ya kifuani ina nguvu, na kitufe chake ni kikubwa. Hii ndogo haionekani, lakini kwa masikio kama ya mzee itasaidia kidogo mno. Muulize anataka ipi."

Mzee hakungoja kuulizwa. Alikwisha kulichukua boksi. Vidole vyake, vilivyopasuka kwa tope la mfereji, vilikizungusha kitufe huku na huku bila taabu. Kule Bombo yeye ndiye aliyekuwa akifungua ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba, na siku hizi watu wa mashamba ya chini walimpigia kelele afunge maji hadi sauti zikawakauka. Akalitia boksi kwenye mfuko wa shati, akamtazama binti yake, akacheka kama mtoto aliyevalishwa viatu vya Krismasi.

Asteria aliutazama ule waya. Akawaona akilini wageni watakaokuja Jumamosi kutoka Moshi kumposa, wakiutazama nao: wazee wa Fredrick, mchumba wake, na mama yake Fredrick, ambaye tangu biashara za nje ziruhusiwe alikuwa na duka la nguo za Dubai. Akamsikia kabisa akinong'ona: baba wa bibi harusi kavaa redio.

"Anataka ndogo," alisema.

Hakumwinamia baba yake sikioni kama alivyozoea. Alilitoa tu boksi mfukoni, taratibu, akalirudisha kwenye kitambaa. Mzee alimtazama yeye, akalitazama boksi, kisha akainamisha kichwa avishwe ile ndogo. Njia nzima ya kupanda milima kurudi Bombo hakuuliza neno. Asteria naye alishinda akitazama dirishani, akijiambia kuwa amechoka.

Jumamosi wageni walikuja na kreti za soda na dengelua, pombe ya miwa ya posa. Sebule ilijaa. Mshenga wao, Mzee Nathanaeli, alikuwa mtu wa maneno, na kwa desturi maneno yake hujibiwa na baba wa binti mwenyewe, si mwingine.

"Mzee Eliufoo," alianza kwa fumbo la kuulizia binti, "mbuzi wetu amepotea. Tumefuata nyayo, zimeishia mlangoni kwako. Umemwiba wewe?"

Mzee alitabasamu. "Ndiyo, ndiyo. Karibuni sana."

"Eh! Mwizi kakiri hata hajapigwa!" alidakia mshenga.

Kicheko kikapasuka.

"Sasa tukufunge au tukusamehe?"

"Ndiyo," alisema mzee.

Mama yake Fredrick alijiziba mdomo kwa kanga, mabega yakimtikisika. Mzee aliona watu wanacheka, naye akacheka. Mkono wake ulipapasa nyuma ya sikio, ukitafuta kitufe kidogo kama punje ya mtama ambacho vidole vile havikuweza kukihisi. Mashine ikapiga mluzi.

Asteria aliinuka, akapiga magoti mbele ya baba yake, akanyoosha mkono kumsaidia. Mzee akamshika kifundo cha mkono.

"Acha, mwanangu," alisema. Alidhani ananong'ona, kumbe sauti yake ilijaza chumba. "Ukiigusa wageni wataiona. Si ndiyo maana ulinichagulia hii?"

Hakuna aliyecheka tena. Soda ya mtu ilisikika ikichemka kwenye glasi.

"Baba yangu hasikii," alisema Asteria, akiwa bado amepiga magoti. "Alitaka mashine kubwa. Mimi ndiye niliyemwonea aibu."

Mama yake Fredrick alishusha kanga. Mzee Nathanaeli alikohoa, akasogeza stuli hadi ubavuni mwa mwenyeji wake, akampazia sauti sikioni: "MZEE! TUNATAFUTA MBUZI!"

"Mbuzi?" Mzee Eliufoo alikaa sawasawa. "Wa kwangu hana kamba. Anayemtaka amuulize mwenyewe."

Walicheka, na safari hii yeye ndiye aliyewachekesha. Wakamgeukia Asteria, wakingoja. Fredrick pia alingoja. Lakini Asteria hakuweza kuinua uso. Alisogea tu hadi kwenye sikio la baba yake.

"Baba! Jumatatu tunashuka Same!"

"Kufanya nini?"

"Kuomba ile nyingine! Kama bado ipo!"

Mkono wa mzee ulipanda wenyewe hadi kwenye mfuko wa shati, ukatulia pale.