Mbolea, Si Mborea

Kasilda alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kusahihisha Kiswahili cha watu. Alizaliwa kambini Tanzania, akasoma huko, akaolewa huko na Fabiano, Mrundi mwenzake, na waliporudi Burundi alirudi na mtoto wake Happy, masufuria yake, na Kiswahili chake kilichonyooka. Ukimwambia "baba iko shambani," angekwambia "yuko" kabla hujamaliza salamu. Majirani zake wa Bugendana, mkoani Gitega, ambao wengi husema Kirundi na hawana habari na ngeli za mtu, walimwacha aseme.

Aliyepata taabu zaidi ni Swabra. Huyu ana mgahawa karibu na soko la Muyinga, na mumewe, Waziri, anachinja mbuzi na kuuza nyama. Siku zile za kwanza za kurudi, kabla Fabiano hajapewa sehemu yake ya shamba la marehemu baba yake, Kasilda alipika maharage katika mgahawa ule, na kila sufuria ilikuwa na somo lake la sarufi. Swabra alicheka, akaendelea kusema kama alivyosema tangu azaliwe. Wakapendana hivyohivyo. Hata Kasilda alipohamia kilimani, huko Gitega, haikupita wiki bila simu.

Sasa shamba lenyewe lilikuwa limechoka. Kwa miaka mingi lilipandwa mahindi matupu na kulishwa mbolea ya mifuko, ile ya chengachenga nyeupe, na kila msimu lilidai zaidi na kutoa kidogo. Udongo ulipauka, ukakauka kama ukoko. Mvua ikinyesha, maji yaliteremka moja kwa moja bondeni bila hata kusimama kusalimia. Fabiano naye akachoka. Jioni moja akatoa neno alilokuwa amelimeza siku nyingi.

"Mama Happy, tulime msimu huu mmoja. Likitunyima tena, tunarudi Tanzania. Kaka yako anasema kibarua kipo kwenye mashamba makubwa ya tumbaku."

Maisha yake yote Kasilda alikuwa amepangiwa foleni, chakula na mahali pa kulala. Kilima hiki kilikuwa mahali pa kwanza ambapo alifunga mlango wake mwenyewe na kuufungua alipotaka. Alikipenda mpaka akaona haya kusema. Kukiacha aende kupalilia tumbaku ya watu? Hapana, usiku ule hakupata hata lepe la usingizi.

Asubuhi alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa mifuko mingi kuliko yote iliyotangulia. Lakini Septemba ilikuwa inaisha, mvua zinanukia, na mifuko ilikuwa haijafika Gitega. Muyinga iko karibu na mpaka. Huko hakikosekani kitu. Akampigia rafiki yake.

"Swabra dada, niko taabani. Nitumie mbolea."

"Mborea?" Swabra alishangaa. "Mi nikutumie mborea? Toka huku Muyinga mpaka Gitega?"

"Si mborea, Swabra. Mbolea. Mbo-le-a."

"Haya, mbolea. We unataka mingi?"

"Nyingi! Mbolea nyingi. Kadiri utakavyoweza, na mavuno yakija nitakulipa kwa chakula."

Swabra akacheka kwa furaha isiyo ya mtu anayeombwa msaada. "Bon, Mungu akubariki, dada! Ilyasi anakuja Gitega na kamyo kesho kutwa. Atakuletea yote."

Neno "yote" lingemshtua mtu mwingine. Kasilda alikata simu moyo mweupe, akafua vitenge vyake huku akiimba.

Siku ya siku, harufu ilitangulia gari. Ilyasi, dereva, mdogo wake Waziri, alisimamisha lori barabarani chini ya kilima, akashuka akitabasamu, akafungua nyuma. Lori zima, kutoka ubao hadi ubao, lilikuwa limejaa mavi ya mbuzi: meusi, makavu, yaliyooza na majani yake, ya miaka na miaka, kutoka nyuma ya zizi la Waziri.

"Mbolea iko wapi?" Kasilda aliuliza.

"Si hii, mama."

"Mifuko! Mifuko iko wapi?"

"Mifuko ya nini?" Ilyasi alimtazama kwa huruma. "Mborea inawekwagwa mu mifuko?"

Alikuwa na haraka, ndizi zilimsubiri mjini. Yeye na mpakiaji wake wakashusha mzigo wote kandokando ya barabara, wakaondoka. Kasilda akabaki na mlima uliomfika kifuani, simu mkononi, na machozi ya hasira.

"Swabra, umenifanyia nini?"

"Mi? Mi nilikuuliza, dada! Ile ya mufuko sisi tunaitaga ifumbire. Mborea ni ile ya kuoza, ya mbuzi, ya ng'ombe. Murundi yote anajua. Nikasema mborea, we ukanifundisha kusema. Waziri alifurahi mpaka akaimba, miaka yote anatafuta mtu wa kumutolea ile mavi!"

Kwa mara ya kwanza tangu watu wa Muyinga wamfahamu, Kasilda hakupata la kusahihisha.

Efrazia, jirani yake wa upande wa juu, alikuwa anapita na jembe begani. Akasimama. Akainama, akachukua konzi moja, akaisugua kiganjani, akainusa, akamwita Mungu wake kwa Kirundi. "Mana yanje! Imborera!" Kasilda alipomweleza kisa, kwa Kirundi chake cha kuungaunga, Efrazia alicheka mpaka akakaa chini barabarani. Kisha akafuta macho na kuuliza jambo la maana: hayo yote yatapandaje kilimani?

Ndipo akili ya Kasilda ikarudi nyumbani. Akatangaza kwamba yeyote atakayempandishia vikapu shambani atajichotea kikapu cha mwisho kiwe chake mwenyewe. Habari ile haikuhitaji redio. Kabla ya saa sita wanawake walikuwa wanapanda na kushuka kwa mstari, vikapu vichwani, wakiimba na kutaniana, na wimbo ukapata kiitikio kipya juu ya mama wa Tanzania aliyeagiza mifuko akaletewa mbuzi. Kasilda aliitikia kuliko wote. Alikuwa amechafuka, ananuka, na hakukumbuka mara ya mwisho alipocheka hivyo.

Fabiano alirudi jioni, akakuta shamba limekuwa jeusi. Alisimama kwenye kijia, kofia mkononi.

"Hii ndiyo mbolea uliyoagiza?"

"Ndiyo," alisema Kasilda, uso mkavu. "Ya aina hii hasa."

"Mama Happy, nimekupa msimu mmoja, nawe umewapa mbuzi."

Hata hivyo alishika jembe. Walifukia ile samadi pamoja, wakaweka majani makavu ya migomba juu ya udongo ili jua lisiulambe. Efrazia alileta mbegu za maharage kama wanavyopanda kwao, zote zikiwa zimechanganywa katika ungo mmoja: nyekundu, njano, nyeusi, za madoadoa. Mahindi yakasimamishwa hapa na pale, mihogo ikawekwa pembeni. Fabiano aliyezoea mistari iliyonyooka alisema shamba linafanana na soko. Kasilda alisema soko ndilo lenye chakula.

Mvua zikaja vizuri, maharage yakaota, halafu Novemba mvua ikakata. Ikakata kabisa. Kila asubuhi Kasilda alitoka kabla ya uji, roho mkononi, akitazama mahindi ya bondeni, yale ya mifuko iliyofika kwa kuchelewa, yakijikunja majani. Akawaonea huruma wenyewe, maana alijua kulala na hofu ile. Kisha akapanda kwake na kuingiza vidole chini ya majani ya migomba. Udongo ulikuwa na unyevu. Kesho yake unyevu. Keshokutwa akapiga yowe lililosikika mpaka kwa Efrazia.

Fabiano alikuja mbio na panga. "Nyoka?"

"Nyungunyungu!" Kasilda alikuwa amemnyanyua mdudu wa watu, anajinyonganyonga kati ya vidole. "Baba Happy, ona! Shamba hili lina nyungunyungu!"

Fabiano aliweka panga chini, akachuchumaa, akafukua. Akampata mwingine. Akafukua tena. Alikaa pale muda mrefu, mikono ndani ya udongo, na jioni ile hakumtaja kaka wala tumbaku. Kasilda hakuthubutu kuuliza.

Januari wakavuna. Si kila kitu kilifaulu: yale maharage ya njano yalishindwa na ukame, yakatoa maganda matupu. Lakini mekundu na yale ya madoadoa yalijaza mkeka, ukaongezwa wa pili, na watoto wakakatazwa kukanyaga ndani. Swabra mwenyewe akaja na lori la Ilyasi kuchukua malipo yake, amejifunga ushungi mpya. Kasilda akampikia ya kwanza kutoka shambani, kwa mafuta ya mawese na vitunguu.

"Hii maharage iko tamu," alisema Swabra, mdomo umejaa.

Kasilda alifungua mdomo. Akaufunga. "Iko tamu," akasema, na Swabra karibu apaliwe.

Walicheka, lakini jicho la Kasilda lilikuwa kwenye kijia. Fabiano aliondoka alfajiri bila kuaga vizuri, na msimu aliompa ulikuwa umekwisha. Mavuno ni mavuno. Moyo wa mtu aliyekwisha kuchoka ni jambo jingine. Labda alikwenda kumpigia kaka. Labda alikwenda kuulizia magari ya mpakani.

Alikuja jua limekaza, amebeba tenga kichwani, shati limelowa jasho. Akalitua taratibu mbele ya wanawake. Ndani yake ilikuwa imepangwa miche ya parachichi, kila mmoja katika kifuko chake cha udongo, majani membamba yanameremeta.

Kasilda akainua mche mmoja. "Inazaa lini hii?"

"Yule bwana wa kitalu anasema miaka mitatu. Minne," alisema Fabiano, akifuta uso, akikwepa macho yake kidogo. "Mwingine hukaidi mpaka mitano."

"Miaka mitano, Baba Happy?"

"Itafika tu. Tuko hapa, tunakwenda wapi?"

Kasilda alilia waziwazi, mbele ya mgeni, mkono mmoja umeshika mche, na hakuona haya hata chembe. Swabra akasukuma sahani kando, akakunja mikono ya gauni lake na kuuliza jembe liko wapi. Fabiano akaanza kuchimba shimo la kwanza, karibu kabisa na mlango.