Msimu Ambao Mafua Hayakuja

Majira yale ya baridi, kwa sababu ya korona, serikali iliamuru kila nyumba ipokee mgeni mmoja tu kwa siku. Kwa hiyo siku mama yao alipotimiza miaka themanini na moja, Wytske alikaa ndani mezani, na kaka yake Hessel akasimama bustanini kwenye theluji, akiongea nao kupitia dirisha la jikoni lililoachwa wazi kidogo. Wytske aliwahi makusudi. Alijua atakayechelewa ndiye atakayebaki nje, na alitaka awe Hessel.

Redio ilikuwa ikisema kwamba mwaka huo homa ya mafua karibu haijaonekana nchi nzima.

"Haijaonekana wapi!" Hessel akacheka. "Wameibadilisha jina tu. Kila anayekohoa anaandikwa korona. Nyie mnameza kila mnachoambiwa."

"Wanapima vyote viwili, Kaka. Pua ile ile, kijiti kile kile. Korona wanaiona, mafua hawayaoni."

"Basi yameenda wapi? Yamepanda ndege?"

"Ndege zenyewe zimelala. Shule zimefungwa, watu wamevaa barakoa, hakuna anayeshikana mkono wala kubusiana. Yatafikaje? Mafua hayana miguu. Yanabebwa."

Neno hilo la mwisho alilisema taratibu, akimkazia macho. Hessel akageuza uso akatazama theluji. Mama alikuwa akikata keki ya maganda ya machungwa, ile yenye sukari ya rangi ya waridi juu.

Miaka mitatu nyuma, mzee wao Douwe alipokuwa hai, viti vilipangwa duara sebuleni siku yake ya kuzaliwa kama ilivyo ada, watu wamebanana goti kwa goti. Hessel aliingia macho mekundu, jasho linamtiririka, akalizunguka duara lote: mkono kwa huyu, mabusu matatu kwa yule, hongera kwa baba, hongera kwa mume, hongera kwa jirani, maana kwao anayepongezwa si mwenye siku peke yake bali kila aliye wake. Wytske alimvuta pembeni. "Kaka, si ungebaki nyumbani leo?" Naye akamjibu, "Mafua tu haya, acha kunitia aibu." Jamani, na nani angemrudisha? Kukosa siku ya baba kwa ajili ya kamasi, angesemwa kila mahali! Wiki ile ile mzee akaanguka kitandani, na hakuinuka tena. Makaburini watu wakasema ni umri. Hessel ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Ndiyo maana alihitaji redio iwe inadanganya. Ikiwa mafua yalizuiliwa na mlango kufungwa na watu kukaa mbali, basi hata mwaka ule yangezuilika. Wytske alilijua hilo vizuri. Miaka mitatu alikuwa akingoja kaka yake akiri, na alimchukia kwa kutokukiri.

"Uongo mtupu," Hessel alirudia. Akakohoa, kisha akakohoa tena, kikohozi kizito cha kifuani.

"Baridi yote hiyo, mwanangu!" mama akasema. "Ipotelee mbali amri yao. Ingia unywe kahawa." Akaenda mwenyewe kumfungulia mlango.

Wytske alisimama kumzuia, lakini hakukuwa na haja. Hessel aliweka mguu mmoja kizingitini, akautazama, akaurudisha nje.

"Hapana, Mama. Najisikia vibaya tangu asubuhi. Nisije nikakuletea."

Mama alibaki ameshika kitasa.

"Na siku ile ya baba yako," akauliza, "ulijua kuwa unaumwa?"

Loo, laiti angedanganya! Uongo alikuwa nao tayari, na mama yake angeupokea kwa mikono miwili.

"Nilijua. Nilikuwa na homa usiku kucha. Nilimeza vidonge ili nije. Niliona nisipokuja mtaninunia."

"Tungekununia," mama akasema. "Mpaka Jumapili. Halafu ingeisha."

Akafunga mlango taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Akachukua kipande cha keki, akakiweka kwenye sahani nje ya dirisha, akalifunga dirisha pia, kisha akaketi na kuikumbatia kahawa yake kwa viganja viwili bila kuinywa.

Hessel alikula pale pale kwenye theluji, mpaka chembe ya mwisho. Alipomaliza, alimtazama dada yake kupitia kioo.

"Hongera kwa mama," akamwambia.

Kwa ada, Wytske alipaswa kumjibu hongera na wewe. Alilolingoja miaka mitatu alikuwa amelipata, na halikumsaidia kitu. Akainuka, akavuta pazia.